Mpishi wa "Msitu Umekataa"

Tulipomzika Anko Zablon kule Vihiga mwezi uliopita, kijitabu cha mazishi kilisema alikuwa mfanyakazi mwaminifu wa kiwanda cha simiti, mzee wa kanisa, mume, baba na babu. Hayo yote ni kweli na sina ugomvi nayo. Lakini nilizigeuza kurasa zile mbele na nyuma, mpaka kwenye picha za mwisho za wajukuu, na sikuona popote palipoandikwa kwamba marehemu aliwahi kuwa sauti ya mamba, ya nyuki, ya dhoruba na ya wasichana wa mjini wanaolia msituni, kila Jumamosi alasiri, katika chumba cha mabati pale Kitengela. Nilitaka kusimama niseme. Mshereheshaji alinipita kama hanioni, akaita wawakilishi wa kamati ya maji, nao wakaongea mpaka watu wakaanza kunusa wali. Chini ya hema la pili, kando ya akina mama wa kanisa, alikuwa ameketi Mama Resiato, aliyefika kutoka Kajiado jana yake. Ni mzee sasa, miguu ilikuwa imemvimba kwa safari, na watoto wa kwetu walikuwa wanazikodolea macho shanga zake bila haya. Tulitazamana. Nikajua na yeye anaukumbuka mwaka wa 1996, na kwa kuwa hakuna aliyetupa kipaza sauti, nimeamua kuandika.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja nafasi ya chuo cha ualimu, na badala ya kukaa nyumbani nikinenepa bure, nilitumwa Kitengela kumpikia Anko, ndugu mdogo wa mama yangu, ambaye mke wake alikuwa akifundisha kule kwetu. Nilidhani nitakuta nyumba. Nilikuta chumba kirefu cha mabati kilichogawanywa kwa plaiwudi. Upande wa mbele kulikuwa na mabenchi, televisheni iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na deki ya kanda za video iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, kana kwamba ni kochi la mkwe. Upande wa nyuma kulikuwa na jiko la makaa, meza, masufuria na kitanda changu. Anko mwenyewe alilala chumba kingine uani. Kutoka kitandani niliweza kusikia kila kitu kilichosemwa upande wa pili, hata mtu akinong'ona, na ninakiri nilisikiliza kwa bidii. Siku za kawaida Anko alikuwa kiwandani. Jumamosi, siku ya soko la mifugo, alivaa shati jeupe, akabandika ubao nje na kuuandika kwa chaki jina la filamu, jina alilolibuni mwenyewe, kwa sababu yale ya kwenye kanda yalikuwa ya Kizungu na hayakumridhisha.

Mtu akitaka kumwelewa Anko Zablon lazima aelewe ile kazi. Alipunguza sauti ya televisheni mpaka ikazimika kabisa, akasimama kando ya kioo na fimbo mkononi, akaanza kusema yeye. Waliokuwa kwenye kioo walifungua mdomo, na maneno yakatoka kwa Anko. Wachimba mawe waliotoka kwenye machimbo wakiwa weupe kwa vumbi, wafanyabiashara wa sokoni, vijana wa Kimaasai waliomaliza kuuza mbuzi, wote walikaa benchi moja na wote walielewa, maana Anko alichanganya Kiswahili cha bara na vipande vya Kimaa na vya Kikamba, na pale asipojua kilichosemwa alitia chake. Kutia chumvi lilikuwa jina la kazi yake. Mimi kwa miezi ya kwanza sikuwahi kuingia mbele wakati wa filamu, kwa sababu ya chai na mandazi niliyokuwa nikiuza kwenye dirisha la nyuma, kwa hiyo filamu nilizijua kwa sikio. Mpaka leo nikisikia ukuta mwembamba ukipitisha sauti ya mwanamume anayeongea peke yake, nanusa mafuta ya mandazi.

Zilizopendwa kuliko zote zilikuwa zile tulizoziita filamu za msitu. Zote zilikuwa ndugu. Vijana wa mjini, wazuri, wenye gari, wanaenda kupiga kambi. Wanakata mti wa kuwasha moto ilhali kuni kavu zimejaa. Wanatupa chupa kwenye maji. Mmoja anamrushia jiwe mnyama aliyekuwa akijipitia zake. Halafu jua linashuka na msitu unakasirika: kama si nyuki ni nyoka, kama si nyoka ni miti yenyewe inayonyosha mizizi na kuvuta watu miguu. Huko zilikotengenezwa nafikiri watazamaji waliogopa. Kitengela hakuna aliyeogopa. Watu walikuwa upande wa msitu. Nyuki walipotokea, walipigiwa makofi. Niliwasikia kupitia plaiwudi wakiwagombeza wale vijana kama wazazi wao.

"Sasa huyo anaweka tenti kwa njia ya viboko! Atamlaumu nani?"

"Na msichana ameacha nyama nje. Nyama! Huyo alilelewa na nani?"

"Wacha waumwe kidogo," alisema Mutua, mchimba mawe mwenye sauti nzito aliyekuwa mteja wangu wa mandazi. "Kidogo tu. Si kufa. Washike adabu."

Nilicheka peke yangu jikoni. Leo binti yangu ananunua hema kwenye supamaketi na kwenda na wenzake kulala Magadi kwenye joto lile, kisha ananionyesha picha, na mimi naangalia wamelisimamisha wapi kabla ya kuangalia nyuso zao. Hicho ndicho nilichosoma mwaka ule kabla ya kusomea ualimu.

Katika benchi la mbele alikuwa akikaa mtu ambaye wote walimgeukia filamu za namna hiyo zikianza. Alikuwa mume wa Mama Resiato, mpishi wa kambi za watalii, na uwanja ambao chumba chetu kilisimama ulikuwa wake. Alimruhusu Anko kuweka mabati pale kwa neno la mdomo, basi. Jina lake sitaliandika, na mbele kidogo msomaji ataona kwa nini. Alikwenda porini wiki mbili, tatu, na wageni wa kampuni moja ya safari, akarudi na makopo yaliyobaki: nyanya, maharagwe matamu yasiyofaa kwa mtu mzima, jemu ya rangi ambayo haijatokea kwenye tunda lolote ninalolijua. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, na alipenda maneno kama wengine wanavyopenda nyama. Kwenye filamu Anko alisimama akamuuliza, "Mzee wa kambi, hii ni kweli?" Naye angeinuka, atoe hukumu. Hema liko mahali pabaya. Moto uko upande wa upepo. Yule kijana mwenye kelele ana uoga, ndiyo maana anapiga kelele. Apewe kazi ya kumenya viazi atatulia. Hakuwachukia wale vijana wa mjini hata kidogo. "Ni watoto," alisema. "Hawajaambiwa. Mimi nikiwa hapo ningewaambia." Na ukumbi ulicheka, kwa sababu wote tulijua kwamba angewaambia mpaka wakimbie.

Mke wake alikuwa hana maneno mengi, labda kwa sababu nyumbani kwao yalishatosha. Alileta maziwa asubuhi kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijiti cha mzeituni kilichochomwa, na maziwa yakaja na harufu ya moshi. Siku ya kwanza Anko aliitema chai. Baada ya mwezi alikuwa hawezi kunywa nyingine. "Takwenya," nilimwamkia, maana ndivyo alivyonifundisha kumwamkia mama, naye akaitika "Iko," akakaa kwenye kigoda karibu na jiko langu huku nikikanda unga. Sikuwa na mama karibu na yeye hakuwa na binti mkubwa. Resiato alikuwa bado wa kubebwa. Alinifundisha kufunga leso vizuri mgongoni, kunyamaza mtu mzima akifikiri, na kupika ugali usiokuwa na vidonge. La mwisho lilinichukua muda. Jumamosi alibaki jikoni nami, akisikiliza sauti ya mume wake kupitia plaiwudi akitoa hukumu zake, na nilimwona akitabasamu akiwa ameinamia kikombe.

Mvua za masika zilipofika, mume wake alikwenda kazini upande wa kuteremkia Magadi na kikundi cha vijana wa ofisi kutoka Nairobi. Si Wazungu, ni watu wetu, waliotaka kujua nchi yao. Walisimamisha mahema kwenye mchanga wa mto mkavu kwa sababu mchanga ni laini na picha hutoka vizuri. Mvua haikunyesha pale. Ilinyesha milimani, mbali, na maji yakaja yenyewe bila wingu juu yake. Tulichoambiwa ni kwamba yeye ndiye aliyewaamsha, akawatoa mmoja mmoja hadi ukingoni, kisha akarudi chini, na maji yakamchukua. Alirudi kufuata nini, kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema sanduku la chakula, mwingine alisema kuna aliyelilia begi. Walimpata siku ya pili, wakamleta, akazikwa upesi na kimya. Msichana mmoja kati ya wale wapiga kambi alikuja nyumbani kwao baadaye na mkate na sukari. Alikaa kwenye kiti akalia tangu alipokaa hadi alipoinuka, hakuweza kutoa neno. Mama Resiato alimpa maziwa, akamshika kichwa. Nilikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule msichana, nikashindwa, maana alikuwa wa umri wangu na viatu vyake vilikuwa bado na ule mchanga.

Baada ya hapo maziwa yaliendelea kuja. Alikaa kwenye kigoda kile kile. Ukumbi ulifungwa kwa mwezi mzima na ulipofunguliwa Anko aliacha kabisa filamu za msitu. Tulionyesha za ngumi na za mapenzi, watu wakasinzia. Wateja walianza kuuliza. Mwezi wa nane Anko akaenda Nairobi na kurudi na kanda mpya. Aliiweka mezani, akaniambia, "Roda, hii nimeambiwa ndani iko na mpishi. Mpishi wa kambi, mtu mweusi, mtu mzuri. Nataka nimfanyie rafiki yangu kitu." Macho yake yalikuwa yamelowa. Hakuitazama kwanza. Deki ilikuwa inatafuna kanda na hakutaka kuichosha kabla ya Jumamosi. Aliandika ubaoni MSITU UMEKATAA.

Mama Resiato alikuwa na mimi jikoni siku hiyo. Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Tulimsikia Anko akianza kwa utaratibu wake: vijana wanne, gari, redio, kicheko. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya kanisani kidogo. "Na huyu mnamwona anashusha masufuria," alisema, "huyu ndiye mpishi. Mnamjua. Huyu ni mtu wa hapa kwetu. Huyu anaitwa..." Akalitaja. Jina lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya juu, kwa fahari, mbele ya watu wote.

Mama Resiato aliweka kikombe chini. Hakukipiga, alikiweka tu. Upande wa pili ukumbi ulinyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuisikia ukumbini, na katika ukimya ule Anko, asiyejua kitu, aliendelea. Sikuwa naona, nilikuwa nasikia tu. Wale vijana wanamtuma mpishi maji. Mpishi anachukua ndoo. Anateremka. "Anainama," alisema Anko, na hapo nikasikia sauti yake ikiyumba, kwa sababu yeye pia alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Maji yakafunguka na mamba akatoka. Nilijua kwa mayowe ya Mutua. Katika filamu zile mpishi huwa wa kwanza kufa, ili wale wazuri wapate cha kuogopa, na hakuna anayemrudia tena hadi mwisho. Anko alikuwa amempa mtu wa kufa kwanza jina la rafiki yake. Nilisikia mabenchi yakisukumwa na miguu ikitoka. Nilipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu na kibuyu cha maziwa kilikuwa kimebaki.

Jioni hiyo kabla ya giza alikuja Lekishon, kaka wa marehemu, mtu mpole mwenye bucha karibu na barabara. Alikataa kiti. Aliongea akiwa amesimama na mimi nikiosha vyombo visivyokuwa vichafu.

"Zablon, wewe ni mtu yetu. Hiyo najua. Lakini hiyo jina umeitoa mahali tuliiweka."

"Lekishon, nimekosa wapi? Nilikuwa nampea heshima! Kwetu mtu akikufa tunamtaja mpaka sauti inaisha. Mtoto akizaliwa anapewa hiyo jina. Ukinyamaza watu wanasema ulimchukia."

"Kwenu ni kwenu. Sisi mtu akienda, jina yake inalala na yeye. Hatuiti. Hata watoto wake hawaiti. Sasa wewe umeiita kwa watu wa soko, halafu ukamlisha mamba."

Anko alikaa kwenye kiti kile Lekishon alichokikataa.

"Ndugu zangu wanataka utoe mabati," alisema Lekishon. "Mimi nimewaambia wangoje. Mwenye kusema ni mama ya watoto. Akisema ukae, utakaa. Akinyamaza, utaenda."

Na Mama Resiato alinyamaza. Maziwa hayakuja kesho yake wala wiki iliyofuata. Tulinunua ya pakiti, chai ikawa nyeupe na haina habari yoyote. Anko aliiacha ikapoa mezani. Mimi, nitasema ukweli, sikuwa nawaza sana juu ya mabati. Ukumbi ungeweza kuhamishwa hadi Isinya au kokote. Nilikuwa nawaza kile kigoda. Nilikuwa na hasira na Anko kwa kutokujua, na hasira na wote waliojua bila kumwambia, kisha nikakumbuka kwamba mtu aliyekuwa akiwaambia watu kila kitu hakuwepo tena. Kwetu nilikuwa nimeona mazishi mengi, watu wakikimbia uwanjani wakimwita marehemu kwa majina yote, na hadi wakati ule nilidhani dunia nzima inalia hivyo. Mwezi uliopita nilipomsikia mshereheshaji akilitaja jina la Anko mara kwa mara kwenye spika nilijikuta nikimtazama Mama Resiato, nikajiuliza linamwingia vipi. Alikuwa ametulia, amekunja mikono, mgeni anayeheshimu mambo ya wenyeji.

Lekishon alituonea huruma. Alimwambia Anko kwamba kwao mtu akienda kuomba amani anashika nyasi mkononi, na mwenye kuudhiwa akiziona hawezi kumfukuza. Ilikuwa kiangazi. Kitengela nzima haikuwa na jani. Palipokuwa na nyasi palikuwa na vumbi la machimbo na mifuko ya plastiki. Basi Anko Zablon, mtu wa kufikiria, akaenda duka la dawa za mifugo, akachomoa nyasi kutoka kwenye robota la kulisha ng'ombe wa maziwa, akazifunga vizuri kwa uzi. Jumapili baada ya kanisa tukatembea hadi kwa Mama Resiato, ng'ambo ya machimbo, yeye mbele na tai yake, mimi nyuma na sukari.

Tulimkuta nje akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitika kwa sauti ndogo. Anko alisimama mbali kidogo, akanyosha ule mkono wenye nyasi.

Mama Resiato alizitazama zile nyasi. Akazitazama tena. "Zablon," alisema, "hii umetoa wapi?"

"Kwa agrovet, mama."

"Hii ni ya kununua?"

"Ndiyo, mama. Nyasi imepotea. Nilitafuta."

"Hii imekufa zamani. Ile ya kuomba amani inakuwa mbichi." Akaanza kucheka. Alifunika mdomo kwa leso na mabega yakatikisika, mpaka maharagwe yakaruka kwenye ungo, na mimi nikacheka nikilia, na Anko akabaki pale na nyasi zake za robota akiwa hajui kama amesamehewa au amezidisha. Ndipo akamwonyesha gogo akae.

"Mimi najua hukutaka ubaya," alimwambia alipotulia. "Lakini nisikize. Kila mtu amekuja hapa kuniambia vile alikufa. Polisi, mtu ya kampuni, pasta. Ile msichana alikuja, akalia tu. Hakuna hata mmoja ameniambia alisema nini. Yule alikuwa mtu ya maneno. Hawezi kuenda bila kusema kitu. Kuna kitu alisema hapo kwa maji na mimi sijui." Aliokota punje iliyoanguka. "Wewe ulimpatia jina. Maneno hukumpatia. Ulimtuma maji kama wale."

Anko alishika tama. "Nisamehe, mama."

"Jumamosi weka hiyo filamu. Nitakuja."

"Mama, hiyo filamu nimeiweka mbali kabisa, siwezi..."

"Si nimesema weka?"

Jumamosi ukumbi ulijaa tena, na safari hii hakuna aliyekuwa na kelele. Lekishon alikuja na ndugu zake wakasimama ukutani, na kila mtu alijua kwamba wamekuja kusikia kama mabati yatabaki. Mama Resiato aliingia na Resiato mgongoni akaketi benchi la mbele, mahali pale pa mume wake. Mimi nilifunga dirisha la mandazi na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikaketi upande wa mbele, karibu naye. Anko aliweka kanda. Aliwasemea wale vijana wanne, gari na redio, bila mbwembwe. Mpishi alipotokea akishusha masufuria, Anko alinyamaza. Kwenye kioo yule mtu aligeuka, akafungua mdomo, akasema kitu, na hakukuwa na sauti yoyote chumbani isipokuwa deki ikizunguka.

"Anawaambia hapo si mahali ya kulala," alisema Mama Resiato.

Hakuinua sauti. Aliongea Kiswahili chake, kisha akarudia kwa Kimaa, kama Anko alivyozoea kufanya. "Anawaambia, watoto, songeni juu. Mchanga ni kitanda ya maji." Mpishi akawasha moto, akakoroga sufuria. "Anasema viazi vichukue watu wawili, huyo wa kelele apewe kisu." Kuna aliyecheka nyuma, akajizuia, kisha akaona Mama Resiato mwenyewe anatabasamu, na ukumbi ukacheka wote. Akaendelea. Alimpa kila neno. Aliwasema vijana juu ya nyama iliyoachwa nje, akawauliza mama zao wanaitwa nani, akamsifu msichana mmoja kwa kukunja blanketi vizuri. Maneno mengi kiasi hicho sikuwahi kuyasikia kwake kabla wala baada. Sikuwa namwangalia mpishi tena, nilikuwa namwangalia yeye, na nilimjua yule aliyekuwa akiongea. Lekishon ukutani alikuwa ameinamisha kichwa.

Halafu wale vijana wakamnyoshea mpishi ndoo. Wote tuliokuwa mle tulijua kinachofuata. Mutua aliguna chini kwa chini, "Aii, hapana." Mpishi akaichukua ndoo, akafungua mdomo mara ya mwisho.

"Anawaambia," alisema Mama Resiato, na akangoja, na Resiato mgongoni akalalamika kidogo, akatulia. "Anawaambia, haya, watoto wangu, mmekula mmeshiba. Mahali pa kulala nimewaonyesha. Mimi kazi yangu imeisha. Sasa naenda kwangu."

Kwenye kioo mpishi alitupa mgongo, akaanza kuteremka kati ya majani marefu. Maji yalikuwa bado hayajaonekana.

"Zablon," alisema. "Zima."

Anko akazima.